Supamaketi ya Kampuni au Maduka ya Mtaa: Ulinganisho kwa Wakazi wa Mtwara Wanaotakiwa Kutoa Maoni

Kampuni yenye matawi mikoani inapotafuta mahali pa kufungua supamaketi Mtwara mjini, wakazi wa mtaa husika hugawanyika kabla hata msingi haujachimbwa. Wapo wanaosema mji umesubiri vya kutosha, na kwamba hakuna sababu ya mtu kuendelea kuagiza mahitaji ya nyumbani kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550, wakati mwekezaji yuko tayari kuyaleta mlangoni. Wapo wanaosema duka la namna hiyo litawamaliza wenye maduka madogo na akina mama wa genge, na kwamba mtaa ukishapoteza maduka yake hauyarudishi kwa urahisi.

Mkazi anayetakiwa kutoa maoni ana njia tatu: kuikaribisha kampuni bila masharti, kuikataa, au kuikaribisha kwa masharti yaliyoandikwa. Katika makala haya ninalinganisha supamaketi na maduka ya mtaa katika mambo yanayogusa maisha ya nyumba ya kawaida, kisha ninasema kila njia inamfaa nani. Ninaandika nikiwa mnunuzi. Sina duka, wala sina ndugu katika kampuni yoyote, lakini nina msimamo na sitauficha.

Bei ya rafuni na bei ya kupima

Kwa bidhaa za viwandani zilizofungwa, supamaketi ina nafuu, na anayelikana jambo hili hawasaidii wenye maduka. Kampuni yenye matawi mengi hununua kiwandani au kwa mwagizaji mwenyewe, kwa mzigo mkubwa unaopata punguzo, na husafirisha kwa lori lake. Mwenye duka wa Magomeni au Chikongola hununua kwa muuzaji wa jumla wa hapa mjini, ambaye naye amechukua mzigo Kariakoo, na kila mkono unaoishika katoni lazima upate chake. Ndiyo maana sabuni ya unga, dawa ya meno, tambi na maziwa ya pakiti huwa na bei ya chini zaidi kwenye rafu za kampuni kubwa kuliko kwenye duka la pembeni ya nyumba.

Hata hivyo, bei ya kilo nzima au lita nzima haina maana kwa mtu mwenye shilingi elfu mbili mkononi na watu watano wanaosubiri chakula cha jioni. Duka la mtaa humuuzia robo ya sukari, kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche, mafuta ya kupima, majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi, na hata kitunguu kimoja. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ikiwa lita moja ya mafuta ya kula inauzwa shilingi 6,000 na kipimo cha dukani cha shilingi 500 kina mililita 75, basi anayenunua kwa kipimo mpaka akamaliza lita moja atakuwa ametoa takriban shilingi 6,667, yaani zaidi ya asilimia 11 juu ya bei ya chupa nzima. Hiyo ndiyo gharama ya kununua kidogo kidogo, na kwa mwaka mzima ni fedha nyingi. Lakini ili mtu aiepuke gharama hiyo, ni lazima awe na shilingi 6,000 kwa mkupuo mmoja, na siku hiyo hiyo awe pia na fedha ya unga, ya mkaa na ya kitoweo.

Kwa hiyo nafuu ya supamaketi ni ya kweli, ila inamfikia kwanza mwenye mshahara. Mwalimu wa chuo, muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, mfanyakazi wa bandari au wa kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015, anaweza kwenda mara moja mwisho wa mwezi, akajaza mfuko, akarudi na akiba. Mvuvi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mama anayekaanga samaki hupata fedha kwa siku, na huzitumia kwa siku. Wengi wao, hata wakiishi mjini, hutegemea pia korosho, ama kwa shamba lao la Tandahimba, Newala au Masasi, ama kwa sababu wateja wao wote huwa na fedha katika msimu huo mmoja. Minada huanza Oktoba na malipo hutawanyika mpaka karibu na mwanzo wa mwaka. Baada ya hapo inakuja miezi mirefu ambayo fedha mtaani huwa adimu. Mtu yeyote anayelinganisha maduka ya Mtwara bila kuitazama kalenda ya korosho analinganisha maduka ya mji mwingine.

Daftari

Hapa ndipo ninapoona uzito mkubwa zaidi wa jambo hili, na ndipo wanaotetea supamaketi wanapopita haraka mno.

Chini ya meza ya karibu kila duka la mtaa kuna daftari la kaunta. Kila ukurasa una mteja wake, mara nyingi kwa jina la mtoto wake au la kazi yake: mama pacha, fundi baiskeli, mzee wa ng'ambo. Chini ya jina kuna mistari: mchele nusu, mafuta kipimo kimoja, sabuni kipande, kiberiti. Mistari iliyolipwa imekatwa kwa kalamu, na isiyolipwa inasubiri. Mama anafika jioni na kusema, "Kaka, niandikie nusu ya mchele na kipande cha sabuni, baba yao akirudi baharini nitaleta," na mwenye duka anaandika bila kuuliza kitambulisho, bila fomu wala riba, kwa kuwa anaijua nyumba, anaujua mtumbwi, na anajua kwamba mama huyo alilipa mara ya mwisho. Kijana wa kwenye mashine ya supamaketi, awe na moyo mwema namna gani, hana ruhusa ya kufanya hivyo. Mashine inataka fedha yote, na inaitaka saa ile ile.

Thamani ya daftari huonekana zaidi mambo yanapoharibika. Novemba 2018 serikali iliingilia biashara ya korosho na kutangaza kwamba ingenunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na familia nyingi zilisubiri fedha zao kwa miezi. Nyumba hizo hazikuacha kula. Nyingi zilikula kwa kuandikiwa, na wenye maduka wakabeba mzigo ambao hakuna benki ingeubeba kwa masharti yale. Leo anayekosa pa kuandikiwa hukimbilia mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa ya mtaani, na sote tunajua namna mikopo hiyo inavyoondoka na magodoro, majiko na amani ya ndoa.

Sisemi kwamba daftari halina kasoro. Wapo wenye maduka wanaomuuzia mkopaji kwa bei ya juu kuliko anayelipa taslimu, wapo wanaoandika mistari ambayo mteja haikumbuki, na wapo wateja waliohama usiku na kuacha duka likifa kwa madeni yao. Kukopa kwa jirani kuna aibu yake pia, na mtu mwenye deni huzunguka njia ya nyuma ili asionekane. Pamoja na hayo yote, sijaona kitu kingine mtaani kinachomvusha mtu wa kipato cha siku kutoka wiki mbaya hadi wiki nzuri kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Sasa ninaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika. Watu husema kwamba supamaketi haitawadhuru maskini, kwa kuwa maskini hawataingia humo. Wataendelea na maduka yao kama kawaida. Hoja hii inasahau kwamba duka moja la mtaa lina wateja wa aina mbili, na kwamba wale wa kwanza huwabeba wale wa pili. Mwalimu anayelipa taslimu kila siku ndiye anayempa mwenye duka fedha ya kurudi kwa muuzaji wa jumla Jumatatu asubuhi. Mwalimu huyo akihamishia manunuzi yake makubwa ya mwisho wa mwezi kwenye supamaketi, duka linabaki na wanaoandikiwa. Rafu zinaanza kuwa na mapengo, mwenye duka anaanza kukataa kuandika, na baada ya muda anafunga au anageukia kuuza vocha na miamala ya simu peke yake. Mke wa mvuvi hajawahi kukanyaga supamaketi, lakini ni yeye aliyepoteza duka.

Mizani, tarehe na risiti

Upande huu supamaketi inashinda, na ushindi wake haupaswi kupunguzwa. Bidhaa zake zina bei iliyobandikwa, uzito ulioandikwa, tarehe ya kuisha muda, na risiti ya mashine ya kielektroniki ambayo mteja anaweza kurudi nayo akilalamika. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ni rahisi zaidi kwa mkaguzi kulikagua duka moja kubwa lenye kumbukumbu kuliko vibanda vingi vya pembeni mwa barabara. Mizani ya dukani inatakiwa kuhakikiwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, lakini kipimo cha kikombe kilichobonyezwa chini au kopo lililokunjwa kingo ni vitu ambavyo kila mnunuzi wa Mtwara ameviona.

Kuna pia suala la bei wakati wa uhaba. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini, ilibidi itangazwe bei elekezi, na Ramadhani ilipokaribia watu walikuwa wakizunguka mitaa kutafuta robo kilo. Duka linaloandika bei kwenye rafu na kutoa risiti hukamatika kwa urahisi likizidisha; duka linalotamka bei kwa mdomo halikamatiki. Wenye maduka ya mtaa wanaotaka tuwatetee wangeanza na hili: wabandike bei, waondoe mezani bidhaa zilizoisha muda, na wapime kwa mizani iliyohakikiwa.

Mboga, samaki na wanaoviuza

Kwa chakula kibichi, soko la Mtwara linaishinda supamaketi kwa mbali, kwa bei na kwa ubora. Samaki wanaofika Feri asubuhi kutoka Msangamkuu na kwingineko walikuwa majini usiku uliopita. Muhogo na makopa, kunde, mbaazi, njugumawe, matembele na kisamvu vinatoka vijiji vya karibu, na ming'oko ya kuchemsha, yaani viazi pori vya kusini, ambayo mgeni huionja na kuiulizia kila anaporudi, haitaonekana kamwe kwenye friji ya kampuni. Tena sokoni kuna nyongeza: mama akishakupimia fungu la nyanya hutupia mbili juu, nawe unajua kesho utarudi kwake.

Hofu yangu hapa ni ndogo kuliko kwenye daftari, ila ipo. Supamaketi nyingi hutumia mboga na matunda kama chambo, yaani huviuza kwa faida ndogo sana ili mteja aingie, kisha hurudisha faida yake kwenye bidhaa nyingine. Muuzaji wa soko la Chuno au la mjini hana bidhaa nyingine ya kurudishia. Nyanya ndiyo biashara yake yote, pamoja na ushuru anaoulipia meza.

Wanaounga mkono hujibu kwamba supamaketi itawanunulia wakulima na vikundi vya hapa. Inawezekana, na kwa bidhaa zilizosindikwa ninaiona kuwa faida kubwa kuliko zote inayoweza kupatikana. Vikundi vya akina mama wanaobangua na kukaanga korosho, wanaosaga unga wa muhogo, pamoja na wazalishaji wa chumvi wa pwani yetu, wangepata rafu ya kudumu mjini kwao. Lakini rafu hiyo ina mlango mwembamba. Bidhaa inatakiwa kuwa na alama ya TBS, msimbomilia (barcode), lebo inayosomeka, na kiasi kisichopungua wiki hadi wiki. Kuhusu alama ya ubora njia ipo: mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, anaweza kuhudumiwa na TBS bila malipo katika miaka mitatu ya mwanzo, na vikundi vingi havijui hivyo. Kikwazo kigumu zaidi ni malipo. Ni desturi ya maduka makubwa kuchukua mzigo leo na kulipa baada ya siku 30, 60 au zaidi. Kikundi cha akina mama kinachopeleka kilo 50 za korosho na kusubiri miezi miwili kimeikopesha kampuni, bila riba, kwa fedha ambayo kingenunulia korosho ghafi nyingine.

Nikumbushe pia jambo la barabara. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari ya mizigo yalikwama na bidhaa za viwandani zikachelewa. Kabichi na viazi mviringo hutoka nyanda za juu na kwa hiyo nazo zina njia yake ndefu, lakini samaki, muhogo, kunde na mbaazi havipiti Somanga. Mji ambao soko lake la karibu linafanya kazi hauogopi barabara ikikatika kama mji uliozoea kula kutoka kwenye lori moja la kampuni moja.

Ajira na ushuru

Mjadala wa ajira hupigiwa kelele nyingi kuliko unavyostahili. Supamaketi moja ya kiasi huajiri vijana wachache wa rafu, wa mashine, wa stoo na walinzi. Haibadilishi hali ya ajira ya manispaa. Kilicho bora ni namna ya ajira yenyewe: mkataba wa maandishi, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, saa zinazohesabika na likizo. Kijana wa duka la mtaa, ambaye mara nyingi ni mpwa aliyeletwa kutoka kijijini, hufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, hulala juu ya magunia, na malipo yake ni chakula na ahadi ya kuja kufunguliwa duka lake. Wengine ahadi hiyo hutimizwa, na ndivyo maduka mengi ya mji huu yalivyozaliwa. Wengine wanazeeka wakiisubiri. Anayetetea maduka ya mtaa kama ninavyofanya mimi hana budi kulisema na hili.

Kuhusu mapato ya manispaa, kampuni hulipa ushuru wa huduma, ambao ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mauzo, pamoja na leseni. Ushuru huo huingia kwenye mapato ya ndani, ambayo asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo ni kweli kwamba supamaketi huchangia, kidogo, kwenye mfuko unaomsaidia yule yule mama wa genge. Faida yenyewe ya biashara, hata hivyo, huenda makao makuu. Faida ya mwenye duka wa Vigaeni hujenga chumba cha kupangisha Vigaeni, hulipa fundi wa Vigaeni na ada ya shule ya hapo hapo.

Kampuni inapofunga na kuondoka

Mikutanoni watu huuliza kampuni italeta nini, na ni wachache wanaouliza itaachaje. Mtwara ingepaswa kuliuliza swali hili kabla ya mji mwingine wowote. Mradi wa karanga wa Waingereza uliotangulizwa na shangwe mwaka 1947 ndio uliotuletea bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Wazee wetu walibaki na tuta.

Katika biashara ya supamaketi zenyewe, historia ya nchi yetu ni ya kutahadharisha. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania Oktoba 2015, na waliokuwa wakiipelekea bidhaa wakabaki na ankara zisizolipwa. Nakumatt ikafuata: rafu zikaanza kukauka kwa sababu wauzaji walikuwa hawalipwi, ikafunga nchini, na huko Kenya wadai wake walikubaliana kuifilisi Januari 2020. Game, ya Afrika Kusini, ikaondoka mwaka 2022. Hizi hazikuwa kampuni ndogo, na zilifanya biashara Dar es Salaam, kwenye wateja wengi wenye fedha kuliko sisi.

Mimi siwalaumu kwa kuondoka, maana biashara isiyolipa hufungwa. Ninachosema ni kwamba tawi la Mtwara litakuwa la mwisho kufunguliwa na la kwanza kufungwa hesabu zikibana, na kwamba uamuzi huo utafanywa na watu wasioijua Mtwara. Ikiwa kufikia hapo maduka kumi ya mtaa yamekwisha kufa, mtaa utakuwa umepoteza pande zote mbili: supamaketi imeondoka, na wenye maduka waliokuwa na mtaji na daftari hawapo tena.

Nani anaamua, na kwa karatasi gani

Mkutano wa mtaa hautoi leseni wala hauizuii. Leseni hutolewa na manispaa, na ujenzi au kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Amri iliyotolewa Julai 2025 ya kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo, ikiwemo ya jumla na rejareja, iliziacha supamaketi nje ya katazo. Kwa hiyo wanaotegemea kuizuia kampuni kwa hoja ya ugeni wake watapoteza muda. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, lakini msaada huo huja baada ya madhara kuonekana.

Nguvu ya wakazi iko kwenye hatua ya kibali, kupitia mwenyekiti wa mtaa, diwani na kamati ya maendeleo ya kata, wakati kampuni bado inahitaji kitu kutoka kwetu. Masharti ambayo ningeyapigania ni haya, kwa mpangilio wa uzito wake kwangu. Kwanza ni mahali: supamaketi isiwe jirani na soko wala katikati ya mtaa wenye maduka mengi madogo. Pili ni malipo kwa vikundi na wazalishaji wa Mtwara na Lindi ndani ya siku 14, kwa maandishi, na rafu maalumu kwa ajili yao. Tatu, samaki wabichi na mboga za majani ama isiviuze, ama ivinunue kwa wauzaji wa soko. Nne, kampuni ikitaka kufunga itoe notisi ya miezi kadhaa na imalize kwanza madeni ya wauzaji wa hapa. Sharti la nne ni gumu kulitekeleza kisheria, lakini likiwa limesomwa hadharani na kutiwa saini mbele ya diwani lina uzito wake.

Wenye maduka nao wasikae kusubiri kutetewa. Wakiungana kumi au kumi na watano, wakachanga na kupakia mzigo mmoja wa unga, mafuta, sukari na sabuni kutoka Dar es Salaam, wataruka mkono mmoja au miwili ya katikati na bei yao itashuka. Vijana na akina mama walio kwenye vikundi wana haki ya kuomba ule mkopo wa manispaa usio na riba kwa kazi hiyo hiyo. Njia hii haihitaji kibali cha mtu yeyote, na inafaa ianze hata kama hakuna supamaketi inayokuja.

Njia ipi kwa mtaa upi

Kwa mtaa kama Shangani, wenye ofisi, nyumba za kulala wageni na watumishi wengi, na wenye maduka madogo yaliyotawanyika, ningekubali kwa masharti, na nisingeona hatari kubwa hata kama sharti moja lingelegezwa, isipokuwa lile la malipo ya vikundi. Wateja wa taslimu wa hapo kwa sehemu kubwa hawabebi daftari la mtu.

Kwa Magomeni, Chikongola, Majengo na mitaa inayofanana nayo, ambako mwalimu na mvuvi wananunua kwenye duka moja, ningekataa eneo hilo na kuitaka kampuni isogee. Ikiwa kampuni haitaki kusogea wala kuandika chochote, kukataa ni bora kuliko kukubali kwa ahadi za mdomo, kwa sababu kiwanja kitakuwepo mwakani na mwekezaji mwingine atakuja, ila duka lililofungwa kwa kukosa mtaji halifunguki tena kwa mkutano wa mtaa.

Kwa maeneo ya pembeni yanayokua, kama yale ya kuelekea Naliendele au Mikindani, ambako nyumba mpya zinajengwa na maduka bado ni machache, jibu langu linategemea usafiri. Mkazi wa huko anayelipa nauli ya bodaboda kwenda mjini kununua unga ana haki ya kutaka supamaketi karibu naye, na sioni ni nani angeumia. Huko ningeuliza jambo moja tu kabla ya kunyoosha mkono: ratiba ya malipo kwa wanaopeleka bidhaa, na saini ya nani iko chini yake.